Barua Thelathini na Nane kwa Mama Athanasie

Kitu cha kwanza nilichokiona kwa Mama Athanasie ni kwamba aliandika akiwa amesimama. Nilifika kwenye dispanseri yetu mwezi wa tisa mwaka wa 1968, siku ya tatu tangu nianze kufundisha, nikiwa na diploma mpya sandukuni na jipu kwenye unyayo. Nilimkuta amelaza rejista ya materinite, yaani wodi ya wazazi, juu ya ukingo wa dirisha, anajaza mistari yake kwa mwandiko safi, mguu mmoja umepumzika juu ya mwingine kama wa korongo. Nilidhani ni desturi ya wakunga. Baadaye nilielezwa kwamba kiti chake kilikuwa kimechukuliwa ili vifaa vya serikali vihesabiwe, na kwamba kuhesabu huko kulikuwa kumechukua miezi saba. Ndani ya ofisi ya shefu wa dispanseri, Bwana Callixte, mlikuwa na viti vinne: kimoja cha kukalia, kimoja cha kofia yake, na viwili vilivyokuwa bado vinahesabiwa.

Dispanseri hiyo iko kwenye barabara inayoteremka kutoka vilima vya Masisi kwenda misitu ya Walikale. Athanasie Mukashema alikuwa amesoma ukunga miaka mitatu kule Bukavu, akaja hapa mwaka wa 1961, wakati Wazungu walioiendesha materinite walikuwa wamekwenda zao. Alikuta vitanda viwili, na mbuzi wamelala katika chumba cha kuzalishia. Alifukuza mbuzi. Miaka sita baadaye vitanda vilikuwa kumi na viwili, na wanawake walitoka Kibua na Ntoto kwa miguu, wenye mimba ya miezi tisa, kwa sababu walisikia kwamba kwa Mama Athanasie mtu huingia mmoja akatoka wawili. Mwaka wa 1967 alizalisha wanawake mia mbili na kumi na sita. Alimpoteza mmoja. Ukimuuliza, atakuambia jina lake, na mashamba ya maharage ya watu wake yako kilima gani.

Bwana Callixte alifika mwezi wa kwanza wa 1968 akitokea mjini. Alileta mashine ya kuandikia, muhuri wa duara, muhuri wa mraba, na pakiti kumi za karatasi ya kaboni. Dawa hakuleta. Sipendi kumdharau mtu kwa ajili ya masomo yake, lakini ni lazima nieleze kwamba alikuwa amesomea uuguzi muda wa miezi tisa. Mtoto naye hukaa tumboni miezi tisa, ila yeye hutoka amekamilika.

Nilitazamia, kwa jinsi watu walivyomwogopa, kumwona mtu mwenye sauti kubwa. La, Bwana Callixte hakupiga kelele wala hakutukana. Aliandika. Silaha yake iliitwa demande d'explication, na kila mtu aliyepata kufanya kazi ya serikali katika nchi yetu anaifahamu: ni barua ambayo mkubwa anamtaka mdogo wake wa kazi aeleze kwa nini alifanya jambo fulani, na mdogo anapewa saa arobaini na nane ajibu kwa maandishi. Ikitumiwa vizuri ni chombo cha haki, maana mtu haadhibiwi bila kusikilizwa. Bwana Callixte aliitumia kama mtu anayetumia kijiko kuchimba choo.

Ya kwanza ilikuja kwa ajili ya mapacha. Mwanamke aitwaye Victorine alitembea siku nzima kutoka Ntoto, akajifungua watoto wawili, wa kwanza akitanguliza miguu. Wote wawili walipona, na ndugu zake waliimba uani mpaka jua likawa utosini. Kesho yake Mama Athanasie alitakiwa aeleze kwa nini nyimbo ziliimbwa ndani ya kiwanja cha serikali, na kwa nini watoto wawili waliandikwa kwenye mstari mmoja. Ya pili ilikuja baada ya administrateur wa territoire, mkuu wa wilaya yetu, kupita na kuisifu materinite: kwa nini mkunga alimwamkia mheshimiwa kabla ya shefu wake? Ya tano iliuliza kwa nini mtoto fulani alizaliwa saa sita na dakika arobaini, ambayo ni saa ya mapumziko.

Kila barua ilimalizika kwa mstari uleule. Jibu lisiloridhisha, ulisema, litaingizwa katika dossier, jalada la kuombea uhamisho. Hapo ndipo palipomuuma. Mama Athanasie hakutaka cheo cha mtu wala hakutaka kwenda mjini. Alitaka kubaki na materinite ile aliyoiokoa kutoka kwa mbuzi, na jioni arudi nyumbani kwa watoto wake wanne na kwa mume wake Théophile, ambaye anachunga ng'ombe mlimani na kuuza maziwa.

Barua zilisomwa asubuhi, baada ya bendera kupandishwa. Wafanyakazi saba walijipanga mstari, na Bwana Callixte akasoma kwa sauti ya mtu anayesoma Injili, akimwita "Mademoiselle", kama msichana asiyeolewa, yeye aliyezaa mara nne. Alipomaliza alimtaka aje mbele kutia sahihi. Wengine walitazama viatu vyao. Mmoja, muuguzi Faustin, alikuwa na kipaji cha pekee: kila shefu alipotulia kidogo baada ya neno, yeye alicheka. Kisha saa nne alimfuata Mama Athanasie nyuma ya jiko la wagonjwa, akamshika mkono, akamwambia kwamba moyo wake unamuuma sana, na kwamba asimweleze mtu yeyote kuwa unamuuma.

Mwaka wote wa kwanza Mama Athanasie aliamini kwamba makosa ni yake. Hili lilinishangaza kuliko yote. Tulifundishwa shuleni kwamba mtu hodari hujua thamani yake. Kumbe mtu hodari ndiye wa kwanza kujikagua. Alianza kufika saa kumi na mbili kamili. Akapiga blauzi yake pasi mara mbili. Akanakili rejista nzima upya, mapacha katika mistari miwili, na kwa kunakili akapata barua ya tisa: kwa nini karatasi ya serikali ilitumika mara mbili? Alijibu kila moja kwa kuomba msamaha. Alikonda hata Théophile akaanza kumwekea maziwa pembeni, naye akayarudisha watoto wanywe. Usingizi ulimkimbia, na yeye asiyeogopa damu akaanza kuogopa bahasha.

Mambo yaligeuka Jumapili moja ya mwezi wa pili, mwaka huu wa 1969. Mvua ilikuwa inavuja darini kwao, na Mama Athanasie alizitoa zile barua kwenye kikapu ili zisilowe, akazipanga juu ya kitanda kwa namba. Nambari kumi na nne ilimuuliza kwa nini alikwenda Kibua kumwokoa mwanamke aliyekuwa anatoka damu, bila kusubiri ordre de mission, karatasi ile ya ruhusa ya safari. Nambari kumi na saba ilimuuliza kwa nini, alipoitwa tena kutoka Kibua wiki tatu baadaye, alibaki dispanseri akisubiri ordre de mission. Karatasi hiyo, Bwana Callixte mwenyewe alikuwa amekataa kuitia sahihi. Mwanamke wa safari ya pili alipona kwa bahati, mikononi mwa mama mkwe wake.

Aliziweka karatasi mbili sambamba akamwita mume wake.

"Théophile, angalia. Nikienda, ni kosa. Nikibakia, ni kosa."

Théophile hasomi Kifaransa, lakini alizitazama kwa heshima.

"Sasa kosa yenyewe iko wapi?"

"Njo ile natafuta tangu mwaka muzima," akasema. "Haiko mu kazi. Huyu muntu hatafute kazi iende muzuri. Anatafuta miye niondoke."

Mume wake alifikiri kidogo, kama mtu wa ng'ombe anavyofikiri, kisha akasema, "Ng'ombe yenye kupiga wenzake pembe kwa chumvi, miye siulizake wenzake walikosa nini."

Alipokwenda kukinga ndoo chini ya tundu la dari, mke wake alifungua rejista ya materinite na kuilinganisha na barua zote, tarehe kwa tarehe. Kila siku njema ilikuwa na barua yake kesho yake. Siku ambazo materinite ilikuwa tupu, hakuna barua. Wiki aliyougua malaria, hakuna barua. Aliniambia kwamba alicheka peke yake kitandani hata mtoto wake mdogo akaogopa.

Kuanzia siku hiyo hakuomba msamaha tena. Wala hakugombana, maana kugombana ndiko kulikokuwa kunasubiriwa. Alijibu. Na hapa ni lazima nieleze desturi moja ya ofisi zetu. Mdogo haruhusiwi kumwandikia mkubwa wa mkubwa wake. Akitaka kulalamika Bukavu, kwa wakubwa wa jimbo, barua yake sharti ipite mikononi mwa yuleyule anayelalamikiwa. Ndiyo maana malalamiko mengi katika nchi hii yamekufia ndani ya mtoto wa meza. Lakini Bwana Callixte, ili kumtisha, alikuwa ameandika chini ya kila barua yake: kopi kwa administrateur wa territoire, kopi kwa daktari mkaguzi wa Bukavu. Na desturi hiyohiyo inasema kwamba aliyepewa kopi ya swali hupewa kopi ya jibu. Mlango ambao Mama Athanasie asingeweza kuufungua kwa nguvu zake zote, shefu wake aliuacha wazi kwa kupenda makuu.

Basi majibu yakaanza kusafiri. Nimeona kopi yake ya jibu la ishirini na sita, na naliweka hapa kwa sababu naona ni Kifaransa bora kuliko changu, ingawa nalitafsiri. Aliulizwa kwa nini alicheka kwenye baraza saa za kazi. Alijibu: "Nina heshima kukujulisha kwamba asubuhi hiyo mtoto aliyezaliwa bila kulia alilia baada ya dakika sita. Nilicheka. Tafadhali tazama rejista, mstari wa 74." Hakuna zaidi. Sahihi, tarehe.

Bwana Callixte hakuona hatari. Alisoma kila jibu mpaka mahali pa "nina heshima", akaridhika na heshima, akapiga muhuri wa duara na wa mraba, akalitia katika mfuko wa posta. Aliamini kwamba Bukavu wanampima shefu kwa uzito wa mfuko wake.

Mwezi wa sita alifikia nambari thelathini na nane, akaona dossier imenenepa vya kutosha. Akaombea uhamisho: Mama Athanasie apelekwe kwenye kituo kimoja cha kufunga vidonda, ng'ambo ya Mubi, msituni kabisa, ambako hakuna materinite, wala njia ya kwenda na mtoto mdogo. Alitangaza hayo mbele ya bendera. Faustin alicheka mahali pake. Mchana, nyuma ya jiko, alilia kidogo.

Nilikwenda kumpa pole, nikiwa nimetayarisha hotuba. Nilimkuta anafunza wanafunzi wake wawili wa ukunga namna ya kusikiliza moyo wa mtoto kwa pembe ya mti. Aliniambia ningoje zamu yangu, na hotuba ikapotea.

Jibu la Bukavu lilifika mwishoni mwa mwezi wa saba juu ya kamio, lori lililobeba chumvi na sabuni. Yaliyotokea nilisimuliwa na Anne, mama anayefua mashuka, mara tatu, na mara zote tatu hakubadili hata kikohozi. Bwana Callixte aliona muhuri wa daktari mkaguzi juu ya bahasha. Akaona kwamba furaha kama hiyo haifai kufunguliwa peke yake. Aliiweka usiku mzima bila kuichana, na asubuhi, wafanyakazi wakiwa mstari, akamwita Mademoiselle aje mbele, akakata bahasha kwa kisu, akaanza kusoma.

Alisoma vizuri jina la mji na tarehe. Alisoma kichwa cha barua: demande d'explication. Hapo alitabasamu. Kisha akasoma jina la aliyeandikiwa, na lilikuwa lake.

Alikohoa. Akakunja karatasi kama mtu aliyekumbuka kazi nyingine. Anne, ambaye hajapata kusema neno kwenye mstari huo tangu aajiriwe, ndiye aliyesema, tena kwa upole:

"Shefu, endelea tu. Tuko tunasikia."

Na kwa kuwa mwenyewe alikuwa amewazoeza kwamba barua ya Bukavu husomwa hadi mwisho, alisoma. Daktari mkaguzi alitaka aelezwe, katika saa arobaini na nane, kwa nini mfanyakazi mmoja aliulizwa mara thelathini na nane na wengine sita hawakuulizwa hata mara moja. Ni nani aliyekataa kutia sahihi safari ya Kibua, na kwa sababu gani. Na ni ugonjwa upi shefu mwenyewe alioutibu katika miezi kumi na minane, akionyesha mstari wa rejista. Uhamisho ulisimamishwa. Tume ya watu watatu itafika Jumanne, tarehe 12 mwezi wa nane, itawasikiliza wote, na itakata shauri palepale ni yupi kati ya hao wawili atakayeondoka. Chini kabisa iliandikwa: kopi kwa mkunga Athanasie Mukashema. Faustin, kwa mazoea, alicheka mahali pasipofaa.

Mchana ule Bwana Callixte alikwenda materinite kwa miguu yake. Kwa mara ya kwanza alibisha hodi.

"Mama Athanasie," akasema, na Anne aliyekuwa anakunja mashuka anaapa kwamba alisema Mama, "weye ulishazoea hizi demande. Zinajibiwaka namna gani?"

"Na ukweli, Shefu. Kisha unaweka namba ya mustari."

"Na kama muntu haina na mustari?"

Mama Athanasie alifungua rejista, akaendelea kujaza mistari yake. Shefu akazungukazunguka, akauliza kama mtu anaweza kuomba zaidi ya saa arobaini na nane.

"Sijue," akasema Mama Athanasie. "Miye hawakunipatiaka."

Msidhani kwamba mambo yamekwisha. Bwana Callixte ana shemeji kule Bukavu, na amemtumia jibu la kurasa kumi na moja, lenye nakala nyingi kuliko kawaida yake. Amepaka chokaa mawe yote ya njia kutoka barabarani hadi bendera. Amefunga mbuzi mnono nyuma ya ofisi kwa ajili ya wageni. Aliandika pia karatasi ya kumsifu shefu, akaizungusha kwa wafanyakazi, na wawili wametia sahihi. Faustin ni mmoja wao. Faustin ametia sahihi vilevile kwenye karatasi ya kumsifu Mama Athanasie, ambayo Anne aliizungusha, na kwa wino uleule. Tume ikimwamini shefu, Mama Athanasie atakwenda ng'ambo ya Mubi kabla mvua hazijaanza, na vitanda kumi na viwili vitabaki na mtu wa miezi tisa.

Leo ni Jumanne, tarehe kumi na mbili. Hakuna aliyewaita wanawake, lakini tangu jana wanafika. Victorine amekuja kutoka Ntoto na mapacha wake, ambao sasa wanakimbia na wameshaharibu chokaa ya mawe saba. Wa Kibua wamekuja wote wawili, yule wa nambari kumi na nne na yule wa kumi na saba. Wameketi kwenye majani pande mbili za njia, wananyonyesha, wanakula mihogo ya kuchoma, na kila mmoja anajua nambari ya barua yake. Nimewahesabu mimi mwenyewe, na wamefika thelathini na mmoja. Bwana Callixte ametoka mara mbili kuwaamuru waondoke, na mara mbili amerudi ndani, kwa maana aliyemjibu ni mtoto kwa kulia.

Mama Athanasie hayupo nje. Mwanamke mmoja amemfikia asubuhi na uchungu wa mimba ya kwanza, mtoto amekaa vibaya, na wanafunzi wake wanasema si kazi ya saa moja. Théophile ameacha ng'ombe wake kwa jirani, naye amekaa karibu na mlango wa materinite na kibuyu cha maziwa. Nimemuuliza, kama tume itafika wakati mke wake yumo ndani, itakuwaje. Amesema watangoja.

Saa tano lilipita kamio la kwenda Mubi, na wote walisimama, kisha wakaketi. Saa sita likapita jingine. Bwana Callixte yuko mlangoni pa kiwanja, amevaa koti jeusi katika jua hili, kurasa kumi na moja chini ya kwapa. Sasa hivi kuna mngurumo mwingine unashuka kutoka upande wa Masisi, mwepesi kuliko wa kamio, unapotea nyuma ya kilima na kurudi. Mapacha wa Victorine wamekwisha kukimbilia barabarani. Wanawake wananyanyuka mmoja mmoja, wanafunga watoto mgongoni, na wote tunatazama kona.